Hatua ya Saratani: Imethibitishwa au Imekisiwa?

Mgonjwa akiambiwa kuwa saratani yake ya kibofu cha mkojo imefika "hatua ya tatu", hulipokea neno hilo kama hukumu ya mahakama. Ni nadra kuuliza nambari hiyo imepatikanaje. Swali hilo, hata hivyo, lina uzito mkubwa.

Madaktari hupima kina cha saratani hii kwa herufi T. Katika T2 imeingia misuli ya kibofu. Katika T3 imepenya hadi mafuta yanayokizunguka. Katika T4 imevamia viungo jirani, kama vile tezi dume au uterasi.

Kabla ya upasuaji mkubwa, daktari hutegemea picha na vipande vinavyokwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Kipande kisicho na misuli hakiwezi kueleza iwapo misuli imeingiliwa. Picha ya CT nayo haibainishi vyema tabaka za ukuta wa kibofu, na uvimbe unaoachwa na ukwanguaji waweza kudhaniwa kuwa saratani iliyopenya. Tezi za limfu hukadiriwa kwa ukubwa, ilhali hata tezi ndogo yaweza kuficha saratani. Si ajabu basi kwamba kibofu kinapoondolewa na kuchunguzwa kwa hadubini, wagonjwa wapatao wawili katika kila watano hukutwa na ugonjwa uliosonga mbele kuliko ilivyodhaniwa.

Wataalamu wanaitambua tofauti hii. Huandika cT kwa makadirio ya kabla ya upasuaji, na pT kwa matokeo ya hadubini baada yake. Herufi hizo ndogo hufanya kazi ya viambishi awali: hubadilisha maana ya kinachofuata. Tunapolitumia neno "hatua" peke yake, tunakidondosha kiambishi, na makisio yanageuka kuwa hakika.

Madhara yake si ya kisarufi tu. Aliyekisiwa chini aweza kuyaona matibabu ya dawa kabla ya upasuaji kuwa usumbufu usio na haja. Aliyekisiwa juu aweza kukata tamaa mapema.

Napendekeza tuseme "hatua iliyokisiwa" na "hatua iliyothibitishwa". Naye mgonjwa aulize: je, misuli ilipatikana katika kipande? Yahitajika kukwangua tena, au kupiga picha ya MRI? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Neno lisilo bayana nalo huficha maradhi.