Utasa: Mume na mke wapimwe pamoja

Ndoa ikipita mwaka bila mimba, maneno huanza. Kutoka Kangeta huko Igembe hadi mitaa ya Nairobi, maneno hayo humwelekea mwanamke. Yeye ndiye hupelekwa kwa mganga, ndiye hunyweshwa dawa za mizizi, na mwishowe huenda akafungashwa virago arudi kwao. Mume hajapimwa hata mara moja.

Hilo ni kosa kubwa. Kasoro za mwanamume, peke yake au pamoja na za mke, huchangia karibu nusu ya visa vya utasa. Wala si shida ya wachache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na utasa wakati fulani maishani.

Utasa ni nini?

Madaktari husema pana utasa iwapo mume na mke wamekutana mara kwa mara kwa miezi 12, bila kinga wala dawa za kupanga uzazi, na mimba haijaingia. Mwanamke aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6, kwa maana mayai yake hupungua kadiri umri unavyosonga. Aliyezaa mara moja kisha akashindwa kupata mtoto wa pili, naye anastahili kuchunguzwa.

Lakini jiulizeni kwanza: je, mnakutana siku zinazofaa? Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na huishi kwa muda wa siku moja tu. Mbegu za mume zaweza kuishi mwilini mwa mke hadi siku 5. Ikiwa unauza miraa Eastleigh na mkeo yuko Kangeta, nawe hurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, huenda mwaka ukaisha bila kuzipata siku hizo. Huo si utasa. Panga safari zako kwa kufuata hedhi ya mkeo.

Vipimo

Anzeni na hospitali iliyo karibu. Kwa mtu wa Kangeta, hiyo ni Maua au Meru mjini, kabla ya kufikiria Nairobi.

Kipimo cha mume ni rahisi na hakiumi. Manii yake hutazamwa kwa darubini ili kujua wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Kabla ya kupimwa hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Matokeo yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa, kwa sababu mbegu huchukua karibu miezi 3 kutengenezwa na homa kali yaweza kuziharibu kwa muda.

Mke hupimwa damu ili kujua kama mayai yanatoka, hutazamwa tumbo la uzazi kwa picha ya mawimbi ya sauti, na hupigwa eksirei ya mirija ya uzazi baada ya kutiwa dawa inayoonyesha kama imeziba.

Matibabu

Tiba hufuata chanzo. Kama mayai hayatoki, daktari huandika vidonge vya klomifeni au letrozoli, ambavyo kwa kawaida humezwa siku 5 mwanzoni mwa mwezi wa hedhi. Vyaweza kuleta mapacha, hivyo visinunuliwe ovyo dukani. Tena, kumeza vidonge hivyo miezi mingi huku mume hana mbegu ni kupoteza pesa na umri.

Mirija mara nyingi huzibwa na kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa mapema. Dawa huua viini, lakini hazizibui mirija iliyokwisha kuziba. Baadhi ya wanawake husaidiwa na upasuaji.

Mume naye aache sigara na apunguze pombe. Kuhusu miraa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulipata mbegu nyingi zenye kasoro miongoni mwa wanaume wa Yemen waliozoea kuitafuna. Si kila mtafunaji ni tasa, lakini anayetafuta mtoto afadhali aiweke kando. Mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani yaweza kutibiwa kwa upasuaji.

Mbegu zikiwa chache kidogo, husafishwa na kuingizwa moja kwa moja katika tumbo la uzazi. Hayo yote yakishindwa, au mirija ikiwa imeziba kabisa, yai na mbegu hukutanishwa katika maabara. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Nchini Kenya wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006 kupitia kazi ya Dkt. Joshua Noreh. Jaribio moja hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na mengi hayafaulu, hasa mwanamke akipita miaka 40. Ulizeni gharama yote na uwezekano wa kufaulu kabla ya kuuza shamba.

Wengi hupata mtoto bila kufika huko. Kinachowaponza ni miaka inayopotea wakimlaumu mtu mmoja. Nendeni kwa daktari wawili, siku moja, na mume awe wa kwanza kutoa manii yapimwe.