Je, Wajua? Kikohozi ni Kizito Kuliko Dumu la Maji

Kikohozi kikali huuvuta mfupa wa kidari uliovunjika kwa nguvu zaidi kuliko kuinua dumu la maji la lita 5. Ndiyo maana mgonjwa hufundishwa kukumbatia mto kifuani kabla ya kukohoa au kupiga chafya.

Mfupa huu haufungwi plasta. Jozi 7 za mbavu zimeungana nao moja kwa moja, hivyo husogea kwa kila pumzi: mara 12 hadi 20 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Hata hivyo huunga, mara nyingi bila upasuaji, kwa wiki 8 hadi 12 hivi.

Wakati mfupa ukiunga, zoezi la kwanza halihitaji hata kusimama. Ni kuvuta pumzi ndefu, mara kadhaa kila saa. Anayepumua juujuu kwa kuogopa maumivu huacha makohozi yatuame mapafuni, na nimonia hupata mlango. Dawa ya maumivu, basi, ni sehemu ya mazoezi.

Kutembea huanza mapema. Pushapu, vyuma na mpira husubiri ruhusa ya daktari. Mfupa ukianza kualika, au pumzi ikikatika ghafla, zoezi husimamishwa na mgonjwa hupelekwa hospitali.