Greyhound wako anakuamsha saa 10 alfajiri akitaka dishi? Shida si njaa, ni ratiba

Kwa wasee wako majuu, iwe Uingereza, Ireland ama Australia, kupata greyhound si ngumu vile watu hudhani. Hizo nchi zimekuwa na mbio za mbwa kwa karibu miaka 100, na mbwa akistaafu lazima atafutiwe mahali pa kuishi. Unajaza fomu, unahojiwa, wanacheki keja yako, halafu unaenda home na mbwa mrefu, mpole, mwenye macho ya huruma. Usiku wa kwanza analala kama mtoi. Usiku wa tatu, saa 10 alfajiri, unaskia pua baridi kwa shavu. Ukifungua macho, yeye huyu hapa amesimama kando ya kitanda, anakupumulia kwa uso.

Hapo ndipo ngori huanza. Unampa chakula ndio akuachie ulale. Kesho anakuja mapema zaidi. Wiki mbili zikiisha unaenda wera ukisinzia kwa basi, na unaanza kujiuliza kama unaweza mrudisha. Kuna watu humrudisha kweli, na mbwa anarudi kungoja kwa kizimba akidhani hivyo ndivyo maisha iko. Poa ni kwamba hii kitu inarekebishika, bora ujue inatoka wapi.

Huyu mbwa alikuwa na wera kabla akupate

Greyhound wa mbio hajalelewa kwa nyumba. Amekulia kwa vizimba na mbogi ya mbwa wengine, na maisha yake yote imeendeshwa na saa. Asubuhi na mapema mlango unafunguliwa, wanatolewa nje kususu, wanarudi, wanakula. Mchana wanalala. Wanatolewa tena mara kadhaa. Siku ya mbio anawekwa kwa gari, anakimbia kwa kasi inaweza fika karibu kilomita 70 kwa saa, na mbio yenyewe inaisha kwa karibu nusu dakika. Kisha kizimbani, kulala.

Wengi hustaafu kabla hawajafika miaka 5, na mbwa wa aina hii anaweza ishi miaka 10 hadi 13. Kwa hivyo unapomchukua bado ako na maisha marefu mbele, lakini hajui kitu kuhusu yako. Ngazi hajawahi panda. Kioo cha dirisha anaweza kigonga na kichwa. Hajawahi lala peke yake hata usiku mmoja. Kitu pekee anajua vizuri ni masaa, na masaa ndio anakuja nayo kwako.

Ndio maana wenye wamezoea hii kazi husema siku 3 za kwanza mbwa amechanganyikiwa, wiki 3 ndio anaanza kushika ratiba, na miezi 3 ndio anahisi ako kwao. Si sheria, ni kipimo tu. Lakini kinakusaidia usikate tamaa siku ya nne.

Tumbo iko na saa yake

Mwili wa mnyama hujifunza saa ya kula. Ukimlisha saa moja ile ile kila siku, tumbo na ubongo huanza kujitayarisha mapema. Anaamka, anazunguka, anakucheki. Hata bakuli haijaguswa, mwili ushasema chakula inakuja.

Sasa piga hesabu. Ukimpa chakula saa 10 alfajiri ndio upate amani, kesho mwili wake utajitayarisha kabla ya saa 10. Atakuja saa 9:30. Ukimpa tena, atakuja saa 9. Hakuna siku atatosheka, juu hakuja kwa sababu ya njaa. Alikuja kwa sababu umemfunza kitu kimoja: macho yako yakifunguka, chakula inatoka. Wewe ndio umekuwa kengele yake.

Kwa hivyo kazi yako kubwa ni moja. Tenganisha kuamka na kula.

Form ni hii

Kwanza, uliza pale umemtoa alikuwa anakula saa ngapi na anakula nini. Siku za kwanza anza karibu na hiyo saa, hata kama ni mapema kukuliko. Halafu sogeza chakula mbele kwa dakika 10 au 15 kila baada ya siku mbili hivi. Kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi utatumia kama wiki tatu. Ukijaribu kuruka masaa mawili kwa siku moja, utalia wewe na yeye.

Pili, weka alamu ya simu. Alamu ikilia, unaamka. Mbwa akilia, huamki. Tofauti ni kubwa. Alamu haiwezi bembelezwa, na baada ya muda mbwa anajua mlio ule ndio huanzisha siku, si mguu wake kwa blanketi yako.

Tatu, ukishaamka usikimbie kwa bakuli. Mtoe nje asusu, mrudi, oga, weka chai kwa jiko. Chakula ije baada ya kama nusu saa. Mpangilio ukiwa ule ule kila siku, yeye atashika: alamu, nje, kungoja, kula. Ile kungoja ndio inavunja ule uhusiano wa macho yako na bakuli.

Nne, akija kabla ya wakati, usimwongeleshe, usimguse, hata usimkaripie. Kwa mbwa ambaye alitaka umwangalie, kukaripiwa pia ni malipo. Na ujue hali itakuwa mbaya kabla iwe poa. Akiona mbinu ya zamani haifanyi kazi, ataongeza bidii: atalia zaidi, atagonga kitanda, atakuvuta shuka. Ukikubali siku ya nne, umemfunza kwamba kusumbua kidogo hakusaidii, lakini kusumbua sana kunalipa. Hapo utakuwa umejiroga mwenyewe.

Lakini si kila kilio ni ujanja

Greyhound mpya anaweza kuwa na tumbo mbovu juu ya stress na chakula kipya. Kama anahara ama anataka kwenda nje kweli, mtoe. Unamweka kamba, mnatoka kimya, anamaliza, mnarudi kulala. Hakuna mchezo, hakuna biskuti. Atajua usiku mlango unafunguliwa kwa ajili ya choo pekee.

Chakula usibadilishe ghafla. Changanya cha zamani na kipya, ukiongeza kipya pole pole kwa siku 7 hadi 10. Gawanya chakula mara mbili, asubuhi na jioni. Chakula ya jioni ikiwa karibu na saa 12, halafu choo cha mwisho kabla ya kulala, tumbo itafika asubuhi bila kelele.

Kuna sababu ingine ya kugawanya. Greyhound ako na kifua kirefu, na mbwa wa umbo hilo wako kwa hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota. Usimpe chakula ya siku nzima kwa mpigo mmoja, na usimkimbize baada ya kula, mpe kama saa nzima atulie. Ukiona tumbo imevimba, anajaribu kutapika na hakuna kitu inatoka, anahangaika hawezi lala chini, hiyo si ya kungoja asubuhi. Peleka kwa daktari wa mifugo dakika hiyo hiyo. Inaua kwa masaa.

Na wacha watu waseme unamnyima chakula. Greyhound mwenye afya huonekana mbavu za mwisho kidogo. Mwembamba ndivyo ameumbwa, usimnenepeshe ndio majirani wafurahi.

Anakuamsha vipi, na wewe unamwamsha vipi?

Hii watu wengi husahau. Huyu mbwa kwa kizimba chake hakuna mtu alikuwa anamgusa akiwa amelala. Ukimshika ghafla akiwa kwa usingizi anaweza shtuka, anguruma, hata auma kabla ajue ni wewe. Si ukali, ni mshtuko. Na wengine hulala macho yakiwa wazi kidogo, kwa hivyo usidhani anakuona.

Mwite jina kwanza, ukiwa mbali kidogo. Ngoja ainue kichwa. Kisha sogea. Kama kuna watoto kwa nyumba, waambie kitanda cha mbwa ni mahali pake, hakuna kumrukia hapo. Wiki za kwanza usilale naye kwa kitanda chako. Lakini weka tandiko lake karibu, hata kwa chumba chako, juu upweke wa usiku ndio hufanya wengi walie. Kwetu mbwa ni wa nje, analinda gate. Huyu hawezi. Nywele ni fupi, mafuta mwilini ni kidogo, baridi ya majuu itammaliza. Alale ndani.

Jua, saa na shift

Ukiwa umetoka Nairobi umezoea jua linatoka karibu saa 12:30 mwaka mzima. London si hivyo. Mwezi wa Juni mwangaza unaingia kabla ya saa 11 alfajiri, na Desemba jua linachelewa hadi karibu saa 2 asubuhi. Mbwa akiona mwangaza anadhani siku imeanza, kwa hivyo nunua pazia nzito kabla ya kumlaumu. Halafu kuna ile siku huko hubadilisha saa, mara mbili kwa mwaka. Tumbo ya mbwa haijui serikali imesogeza mishale. Anza kusogeza chakula dakika 10 kwa siku, wiki moja kabla.

Kwa wale wanafanya shift za hospitali na za kutunza wazee, usife moyo. Kama huwezi shika saa, shika mpangilio. Choo, kungoja, chakula, kulala, kwa utaratibu ule ule hata kama leo umeingia usiku. Na chakula angalau moja, ya asubuhi ama ya jioni, ibaki kwa saa yake kila siku. Mtu unaishi naye anaweza kusaidia, bora afuate ratiba ile ile. Jumapili pia ni siku. Ukimlisha saa 1 siku sita halafu ya saba utake kulala hadi saa 4, yeye hajui kuna wikendi.

Na wenye wako Nairobi?

Greyhound huku ni nadra. Lakini ukienda KSPCA pale Karen kuna mbwa wanangoja keja, na hii form ni ile ile: uliza alikuwa anakula saa ngapi, sogeza pole pole, usikubali kuwa kengele. Pia sare ile ya kumpa mabaki ya jana usiku wakati wowote umekumbuka. Mbwa ambaye hajui chakula itakuja saa ngapi hushinda akingoja, na mbwa anayengoja hatulii.

Mbwa aliyezoea kuishi kwa saa si mzigo. Ni rahisi kumfunza kuliko yule hajawahi kuwa na ratiba yoyote. Mpe masaa mapya, yashike wewe kwanza, na umpe wiki tatu kabla ya kupiga simu ya kumrudisha. Siku moja alamu italia na utampata bado amekunja shingo kwa tandiko lake, anakoroma. Mwite jina kwanza.