Ndinga ya turbo haitaki fundi maiko

SHABIKI anayemiliki Subaru Impreza ya turbo ana timu mbili za kumuumiza kichwa. Moja inacheza Ligi Kuu, nyingine imeegeshwa nje ya nyumba inavuja oili. Ya kwanza ikifungwa anatukanwa na majirani wiki moja, yanaisha. Ya pili ikinoki, akiba ya mwaka mzima inakwenda na maji.

Siku ya dabi ya Kariakoo, pembeni ya Uwanja wa Benjamin Mkapa zinaonekana za kutosha. Impreza, Forester, Altezza, Crown, nyingine zimefungwa bomba kubwa la moshi linalonguruma kuliko vuvuzela. Nyingi zimetumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini. Nani alikuwa akiziendesha huko, oili ilibadilishwa mara ngapi, hakuna karatasi. Ni sawa na kusajili straika kwa kutazama klipu zake za mabao tu, goti lake hujaliona.

Kwa hiyo fundi wa kweli anaanza na vipimo vya afya. Hashiki spana kwanza, anauliza. Oili ilibadilishwa lini? Gari linakula oili? Taimingi belti ni ya lini? Turbo imeshachezewa na mtu mwingine? Baada ya hapo anapima kompresheni silinda moja baada ya nyingine, anachomeka kompyuta anasoma, ndipo anazungumza. Yule anayesikiliza mlio sekunde kumi kisha anatangaza "hapa tushushe injini" anabahatisha, tena kwa hela za mwenzake.

Na injini za Impreza si za kubahatisha. EJ20 ina pistoni nne zilizolala, mbili kila upande. Belti yake ya taiming inatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ikikatika gari likiwa linatembea, valvu na pistoni zinagongana humo ndani na mechi imeisha. Mwenye gari lenye kilomita 130,000 na hana karatasi yoyote ya matengenezo, fundi akimwambia belti kwanza na nguvu baadaye, asinune. Huyo fundi anamtakia mema.

KUONGEZA PRESHA

Hapo ndipo vijana wengi wanapopigwa. Anataka gari litoke kama winga teleza, anakutana na fundi maiko chini ya mwembe anayemwambia kuongeza presha ya turbo ni kazi ya nusu saa. Kweli, inachukua nusu saa. Gari linaruka wiki mbili, mwenyewe anapiga picha, halafu linaanza kugonga.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi kwa kipimo, la sivyo moto unakuwa mkali mno, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinapasuka. Isitoshe, Impreza nyingi za mwendo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kutumia petroli ya okteni 100, ambayo si ya kawaida kwenye vituo vyetu. Kwa hiyo anayeongeza presha bila kuandika upya programu ya kompyuta ya gari, na bila kupima hewa na petroli gari likiwa kwenye mzigo, hajaongeza nguvu. Amepunguza umri wa injini.

Swali la kumuuliza ni moja tu: "Utapima kwa kutumia nini?" Mwenye kifaa atakionyesha. Asiyekuwa nacho atasema sikio lake lina uzoefu wa miaka 20.

Kuna mchezo mwingine mchafu zaidi. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, fundi anaifuta kwa kompyuta bila kutibu chochote, anachukua chake. Hiyo ni sindano ya ganzi kwa mchezaji aliyechanika msuli. Ataingia uwanjani, atakimbia dakika 20, kisha machela.

CHA JUU

Bei ya haki haimaanishi bei chee. Gharama inapokuja kwa mkupuo mmoja, "nipe milioni mbili nikumalizie kila kitu", hapo cha juu kimejificha ndani. Mwenye gari aombe mchanganuo: spea kiasi gani, hela ya ufundi kiasi gani, na kazi ya nje kama kupeleka hedi kwa wachonga vyuma kiasi gani. Spea nazo zitajwe ni mpya jenuini, kopi au zilizotumika, maana tofauti ya bei ni kubwa. Akiwa na jina na namba ya spea mkononi, shabiki anaweza kuzunguka mwenyewe Ilala au Gerezani, akauliza maduka matatu na kudai risiti ya EFD. Fundi mwaminifu hakasiriki akiona hivyo. Na spea za zamani zirudishwe kwa mwenye gari, zikiwa zimevunjika vilevile.

Mafundi nao wana kilio chao, na wana haki. Mteja analeta plagi feki alizouziwa barabarani, injini ikikohoa lawama kwa fundi. Mwingine anataka kazi ya rali kwa bei ya kuziba pancha. Fundi anayekataa kazi kama hiyo ndiye wa kuchukua namba yake ya simu.

Wa aina hiyo hupatikana wapi? Sehemu moja nzuri ni kwenye mbio za magari, wanakolala chini ya Subaru na Mitsubishi Evolution katikati ya vumbi, muda unahesabiwa. Magari hayo yana historia Afrika Mashariki. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally mwaka 1996 na Evolution, Colin McRae akaichukua mwaka 1997 na Impreza. Wapo pia wenye vyeti vya VETA, wakiwemo waliojifunzia mtaani kisha ujuzi wao ukapimwa na kurasimishwa. Cheti peke yake hakifungi boliti, lakini kinaonyesha aliwahi kukaa mbele ya mtu akasahihishwa.

Hata hivyo, majaribio ni lazima. Mpe kwanza kazi ndogo, oili na plagi. Anakaza plagi kwa spana ya kipimo au kwa hasira? Simu anapokea gari likiwa kwake? Dashibodi ipigwe picha kabla ya kuliacha, kwa sababu kuna magari yanaachwa gereji Ijumaa na Jumatatu yana kilomita 60 zaidi. Yalikwenda harusini.

BREKI KWANZA

Gari lililoongezwa nguvu na kuachiwa breki za zamani ni hatari kuliko bovu. Wanaosafiri kwa basi au gari binafsi kuifuata timu Mbeya, kwenye Uwanja wa Sokoine, wanaijua Kitonga. Kushuka na watu watano ndani, pedi zimeisha na mafuta ya breki yamezeeka, moto wa breki unayachemsha na pedali inazama hadi chini. Hapo turbo haina msaada wowote. Fundi aliyeletewa gari ili aliongezee mwendo, akaanza kufungua matairi na kukagua diski, anajua abiria ni akina nani.

Siku ya kukabidhiwa, fundi akae kiti cha pembeni na mwenye gari aendeshe mwenyewe. Waende mwendo wa kawaida, wapande kilima, wasimame ghafla mahali salama, warudi wapime oili na maji upya. Ikiwa oili haijashuka na joto liko palepale, bakaa ya hela ya ufundi inatolewa mfukoni.