Safari ya Kwanza ya Matembezi Baharini: Yampasayo Mwingereza Kuyajua Kabla ya Kutoa Arbuni

Kila mwaka, sikukuu za Krismasi zinapokwisha na baridi ya Januari inapowafungia watu majumbani, magazeti na televisheni za Uingereza hujaa matangazo ya safari za baharini. Huonyeshwa meli nyeupe kubwa mfano wa jengo la ghorofa nyingi, meza zilizoandaliwa vyakula vya kila aina, na bahari ya buluu isiyo na wimbi. Huu ndio msimu ambao kampuni za meli hunadi safari zao kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote, na ndio msimu ambao maelfu ya Waingereza huamua kusafiri kwa meli ya matembezi kwa mara ya kwanza.

Wengi wao ni mume na mke waliostaafu kazi, walioweka akiba pauni kwa pauni kwa miaka mingi. Kwao safari hiyo si jambo dogo. Pengine ni matumizi makubwa kuliko yote watakayoyafanya tena maishani, nyumba ikitolewa. Hata hivyo, mengi yanayoiharibu safari ya namna hiyo hutendeka nchi kavu, miezi mingi kabla ya nanga kung'olewa, siku ile arbuni inapolipwa. Mwenye kulipa arbuni amefunga mkataba, na mkataba huo una masharti ambayo tangazo halikuyataja.

MATEMBEZI YA MELI YALIVYOANZA

Desturi ya kupanda meli kwa starehe, wala si kwa kwenda kazini au kuhamia nchi nyingine, ni ya zamani kidogo. Mwaka 1835 Arthur Anderson, mzaliwa wa visiwa vya Shetland na mmoja wa waasisi wa kampuni ya P&O, aliandika gazetini mwake tangazo la matembezi ya baharini ambayo hayakuwapo kabisa. Miaka 9 baadaye, mwaka 1844, kampuni yake ilianza kweli kuwachukua abiria wa starehe kutoka Southampton kwenda Bahari ya Kati. Mwandishi mashuhuri William Makepeace Thackeray alisafiri mwaka huo bila kulipa nauli, akatoa kitabu juu ya safari yake mwaka 1846.

Biashara hiyo ilikua zaidi pale ndege zilipozipokonya meli abiria wa kawaida. Mfano mmoja wajulikana hata katika pwani ya Afrika Mashariki. Meli iliyoitwa Uganda ilianza kazi mwaka 1952, ikisafiri kutoka London kupitia Mfereji wa Suez hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira. Ilipokosa abiria wa kutosha iliondolewa katika njia hiyo, na mwaka 1968 ikaanza kazi mpya ya kuwatembeza baharini wanafunzi wa shule za Uingereza. Mwaka 1982 iligeuzwa hospitali katika vita vya Falklands. Hivyo Waingereza wengi walioonja matembezi ya baharini kwa mara ya kwanza wakiwa watoto, waliyaonja ndani ya meli iliyobeba jina la nchi ya Kiafrika.

BEI YA TANGAZO NA BEI YA SAFARI

Jambo la kwanza limpasalo msafiri ni kutenganisha bei mbili: ile iliyoandikwa katika tangazo, na ile itakayotoka mfukoni mpaka siku ya kurejea nyumbani. Nauli ya tangazo aghalabu ni ya mtu mmoja, kwa sharti kwamba watu wawili watalala katika chumba kimoja. Mjane au mseja asafiriye peke yake hutakiwa kulipa nyongeza, ambayo pengine hufikia nauli ya pili kamili. Ziko kampuni, kama vile Fred. Olsen na Saga, zilizotenga baadhi ya vyumba kwa ajili ya watu wa namna hiyo, lakini vyumba hivyo huwahiwa mapema.

Nauli kwa kawaida hujumlisha kitanda, milo yote katika kumbi kuu za chakula, na burudani za jioni. Mara nyingi haijumlishi vileo na soda, intaneti, udobi, mikahawa ya pekee iliyomo melini, matembezi ya nchi kavu, wala ada ya kuegesha gari bandarini. Kisha kuna bakshishi ya watumishi. Katika meli za P&O Cruises na Marella bakshishi imo ndani ya nauli, bali kampuni nyingi za Kimarekani huiandika katika hesabu ya abiria kila siku. Mathalani, ikiwa ni dola 17 kwa mtu kwa siku, mume na mke watakaokaa melini siku 14 watadaiwa dola 476 ambazo hawakuziona katika tangazo.

Matembezi ya nchi kavu nayo yataka hesabu. Tangazo husema meli itafika Roma, lakini Roma haina bandari ya meli hizo. Meli hutia nanga Civitavecchia, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Vivyo hivyo Paris hufikiwa kutoka Le Havre, na Florence kutoka Livorno. Anayenunua matembezi ya kampuni hulipa zaidi, lakini basi la kampuni likichelewa, meli humngoja au kampuni humfikisha bandari ifuatayo. Anayekwenda peke yake kwa gari moshi huenda kwa bei nafuu, lakini akichelewa ataiona meli ikiondoka, na gharama za kuifuata ni zake.

KUCHAGUA CHUMBA

Vyumba ni vya namna nne: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, na kile kikubwa chenye sebule. Anayesafiri mara ya kwanza hudanganyika kuamini kwamba chumba cha juu ndicho bora kwa kuwa ndicho ghali. Kwa mtu aogopaye kigegezi si hivyo. Meli huyumba zaidi katika omo, katika tezi na katika sitaha za juu. Hutulia zaidi katikati, kwenye sitaha za chini. Jambo hili lina maana kwa Mwingereza aanzaye safari Southampton kuelekea Hispania, kwani hana budi kuvuka Ghuba ya Biscay, ambayo yajulikana kwa mawimbi yake.

Aidha inafaa kutazama ramani ya meli kabla ya kutia sahihi. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa muziki au jikoni ni rahisi, lakini usingizi wake haba. Anayenunua chumba kwa bei ya chini kabisa, akiiachia kampuni hiari ya kumchagulia, hana haki ya kulalamika apewapo chumba hicho. Kwa asiyejua iwapo bahari itamkubali, busara ni kuanza na safari fupi ya siku tatu au nne, kabla ya kutumia akiba yote kwa safari ya majuma mawili.

NGAO YA MNUNUZI

Mtu anayelipia kitu atakachokipata baada ya miezi minane amempa muuzaji mkopo. Je, muuzaji akifilisika? Waingereza walijifunza jambo hili kwa uchungu. Agosti 1974 kampuni ya Court Line ilianguka, na maelfu ya watalii wakakwama ng'ambo. Septemba 2019 ilianguka Thomas Cook, na watu wapatao 150,000 wakarejeshwa nyumbani kwa juhudi za serikali na mamlaka ya usafiri wa ndege. Katika matembezi ya baharini hasa, kampuni ya Cruise & Maritime Voyages ilifilisika Julai 2020.

Kwa sababu hiyo nchi hiyo imeweka ngao kadhaa. Ya kwanza ni ATOL, iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo huwalinda wanunuzi wa safari zenye ndege ndani yake. Mnunuzi hupewa hati ya ATOL mara tu alipapo, na asiondoke bila hiyo. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea: anayepanda meli Southampton na kushukia Southampton hana ndege katika safari yake, hivyo ATOL haimhusu. Yeye hana budi kuuliza ni dhamana gani nyingine iliyowekwa, kama ile ya chama cha mawakala kiitwacho ABTA, na kuithibitisha kwa chama chenyewe.

Ngao ya pili ni kanuni za mwaka 2018 kuhusu safari za jumla. Kwa kanuni hizo, kampuni ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 baada ya mkataba, msafiri ana haki ya kuvunja mkataba bila kutozwa. Tena, msafiri aliyepatwa na dharura aweza kumwachia mtu mwingine nafasi yake, mradi atoe taarifa siku 7 kabla, naye alipe gharama halali za badiliko hilo. Ngao ya tatu ni sheria ya mikopo ya mwaka 1974: anayelipa kwa kadi ya mkopo kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000 aweza kuidai benki yake iwapo muuzaji amevunja mkataba. Ngao hii ni imara zaidi anapomlipa mwenye meli moja kwa moja, kwani wakala akiingia kati benki yaweza kubisha.

Hakuna, hata hivyo, ngao dhidi ya kubadili nia. Anayejitoa mapema hupoteza arbuni. Kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo anavyopoteza zaidi, na mwishoni hupoteza nauli yote.

BIMA NA AFYA

Daktari wa melini ni daktari wa kulipwa. Kadi ya afya ya GHIC, ambayo Waingereza huitumia katika hospitali za umma za nchi za Umoja wa Ulaya, haimlipi daktari huyo, wala hailipii helikopta ya kumtoa mgonjwa baharini. Bima ya kawaida ya safari nayo mara nyingi haihusu meli mpaka iongezwe kifungu maalumu. Bima hiyo yafaa inunuliwe siku ile ile ya kulipa arbuni, kwa maana maradhi yaweza kumfika mtu kabla ya safari.

Katika fomu ya bima, mtu aseme kweli tupu. Mwenye shinikizo la damu au kisukari huona haya, au huhofia kupandishiwa bei, akanyamaza. Siku akiugua, kampuni ya bima hutazama vyeti vya daktari wake, ikagundua, ikakataa kulipa. Akiba aliyodhani kuiokoa kwa kunyamaza huenda ikateketea kwa usiku mmoja hospitalini. Mama mjamzito naye aulize mapema, kwani kampuni nyingi hazimpokei ambaye mimba yake itafikia majuma 24 kabla safari haijaisha. Watoto wachanga wa chini ya miezi 6 pia hawapokewi katika meli nyingi.

PASIPOTI

Tangu Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, pasipoti ya Mwingereza anayeingia nchi za Schengen lazima iwe imetolewa chini ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Pasipoti zilizotolewa kabla ya Septemba 2018 ziliweza kuongezwa miezi hadi 9 juu ya miaka 10; hivyo mtu huiona tarehe ya mwisho bado, kumbe pasipoti imekwisha kukataliwa. Bora kutazama tarehe ya kutolewa kwanza.

Kwa ndugu wa Afrika Mashariki waishio Uingereza kwa pasipoti za nchi zao, tahadhari ni kubwa zaidi. Ruhusa ya kuishi Uingereza haiwafungulii mlango wa Hispania wala Ufaransa. Wahitaji viza ya Schengen, na meli ikitoka Hispania, ikapita Morocco, ikarudi Hispania, hiyo ni mara mbili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Asiye na viza huweza kuzuiwa gatini Southampton siku ya safari, mbele ya jamaa zake, wala harudishiwi nauli.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kutoa arbuni, basi, msafiri amwulize wakala maswali haya, apate majibu kwa maandishi:

1. Jumla ya gharama zote kwa watu wote ni kiasi gani, pamoja na bakshishi?
2. Malipo yaliyosalia yatatakiwa tarehe gani, na nikijitoa nitapoteza kiasi gani?
3. Kampuni ikifilisika, ni nani atakayenirudishia fedha?
4. Chumba changu ni nambari gani, na juu yake kuna nini?
5. Nahodha akiacha bandari kwa sababu ya dhoruba, nitarudishiwa nini?
6. Ni viza na chanjo gani zitakazohitajiwa katika kila bandari?

Wakala mwema hachoki kujibu. Yule amwambiaye mteja kwamba bei itapanda jioni ile ile, na kwamba hakuna wakati wa kusoma masharti, amekwisha kujitambulisha. Majibu yakipatikana, yatiwe pamoja na risiti, hati ya ATOL au ya ABTA, na mkataba wa bima, katika bahasha moja. Na nakala yake aachiwe mtoto au jirani mwaminifu nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.