Mafunzo kwa Walioachishwa Kazi

Wakazi wa Ilemela wanakumbushwa kwamba aliyeachishwa kazi aweza kupata ujuzi mpya, au cheti cha ujuzi alio nao, kwa msaada wa Serikali. Mwanachama wa NSSF mwenye taaluma, aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakujiuzulu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Muda huo ni mfupi, haufai kupotezwa. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Nyakato. Fundi wa majokofu wa kiwanda cha minofu ya sangara, asiye na cheti, halazimiki kuanza upya: Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi imekuwa ikigharimia mafunzo na pia, jambo ambalo wengi hawalijui, urasimishaji wa ujuzi uliopatikana kazini. Barua ya kuachishwa kazi itunzwe. Ndiyo ithibitishayo kwamba mhusika hakuondoka kwa hiari.