Mwalimu Ugenini

Vijana wetu waendao ng'ambo kufundisha huuliza kwanza habari za baridi. Baridi si neno; koti zito latosha. Lililo gumu ni heshima.

Mtazameni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin, Ujerumani, kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa Wajerumani waliojitayarisha kuja kutawala kwetu. Darasani yeye ndiye mwalimu, walakini wako waliokataa kumtii kwa sababu ni Mwafrika. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, binti wa huko. Mwaka uliofuata wakaja pwani kwa meli, serikali ya Kijerumani ikawazuia kushuka pamoja. Basi akarudi ugenini, akaishi kwa kufundisha na kuhutubu hata alipofariki mwaka 1927.

Ewe mwalimu usafiriye, jifunze njia za treni na bei ya mkate, lakini zaidi ishike kazi yako barabara. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, ambacho Mtoro alikiandika kwa sehemu kubwa, chasomwa mpaka leo. Waliomdharau darasani, nani awajuaye?